Ile Kubwa Iko na Moraa

Mwalimu wa hesabu alikuwa na mfuko mdogo wa ngozi kwenye mshipi, upande wa kulia, mahali wazee wengine hapa huning'iniza kisu. Kwa miaka mingi mfuko ule haukuwa na kitu ndani. Aliupaka rangi ya viatu, akafunga kifungo chake, akaenda nao kanisani, akaenda nao sokoni Bomet, na ndani kulikuwa na hewa tu. Watoto walimcheka. Watu wazima hawakumcheka, kwa sababu walijua kilichokuwa ndani kilienda wapi. Kilienda kaburini na mtoto wangu.

Nataka kusema juu ya mtu huyu. Jina lake sitaliandika. Majina mengine nitayaandika, na wenyewe wakisikia wakasirike, mimi sijali. Sigilai, aliyekuwa kansela wetu. Mogaka, kontrakta, ambaye ni Mkisii mwenzangu na hilo ndilo linaniuma zaidi. Tirop, dereva wa lori la majani. Hao nimewataja mbele ya chifu. Nimewataja kwenye kituo cha majani siku za kupima chai, watu wakiwa kwenye laini na mifuko yao. Nimewataja kanisani mpaka mzee wa kanisa akanishika mkono akaniambia, "Mama Moraa, tafadhali, tufunge maombi." Nikamwambia fungeni, mimi bado sijamaliza. Shule niliachia darasa la nne, lakini majina matatu hayahitaji shule.

Mwalimu ndiye nilishindwa kumweka mahali. Siku nyingine nilimwona kama mtu wangu wa karibu kuliko wote kwenye huu mteremko. Siku nyingine nikimwona anakuja nilitaka kuingia ndani nifunge mlango. Na hiyo yote ni kwa sababu ya swali moja ambalo sikuwahi kumwuliza mpaka juzi juzi: alijua lini?

Lakini wacha nianze na vile alivyokuwa, maana hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo shida ilipo.

Sisi tulikuja hapa kutoka upande wa Kisii, mume wangu akiwa mchuna majani kwenye shamba kubwa, baadaye tukapata kipande chetu kidogo. Majirani karibu wote ni Wakipsigis. Wengine walitusalimia, wengine waliangalia ng'ombe wao. Mwalimu alijifunza neno moja la Kikisii, *bwakire*, ambalo ni salamu ya asubuhi, na neno hilo alilitumia asubuhi, mchana na jioni.

"Bwakire, Mama Moraa!"

"Mwalimu, jua linazama. Hiyo ni ya asubuhi."

"Najua. Ya jioni ni ngumu. Nitachukua hii."

Mimi nilimjibu *chamgei*, kwa lugha yake, na kwa hayo maneno mawili tukawa majirani.

Alikuwa na chai shambani, chai nzuri imekatwa sawa kama meza, na hakunywa chai. Alikunywa maji ya moto yenye maziwa. Ukimkaribisha kikombe alikisukuma polepole. "Mimi na chai tunafanya kazi pamoja," alisema. "Mtu hali mfanyakazi mwenzake." Mke wake, wakati bado yuko hai, alikuwa anaficha uso kwa aibu kila akisema hivyo kwa wageni, na yeye aliisema kwa kila mgeni.

Darasani alikuwa mkali. Si mkali wa kiboko, ingawa kiboko kilikuwepo siku hizo. Mkali wa kunyamaza. Mtoto akikosea, Mwalimu alikuwa anasimama na chaki mkononi anaangalia dirishani, anangoja, mpaka mtoto mwenyewe aseme, "Nimeona, Mwalimu." Moraa aliniambia hicho kimya kilikuwa kinachoma kuliko fimbo. Na akishaona kosa, alikuwa anacheka na yeye kama rafiki yake.

Hakuogopa mtu. Niliona akibishana na pasta juu ya mabati ya kanisa, pasta akisema yatatosha na yeye akisema hayatatosha, na hayakutosha. Niliona akimwambia ofisa wa serikali kwenye baraza kwamba maneno yake hayaingii akilini. Mtu mmoja tu ndiye hakubishana naye, na huyo alikuwa Sigilai. Sigilai angesimama aseme upuzi wowote, Mwalimu anaangalia viatu vyake. Nilimwuliza jirani mmoja mwanamke, mbona huyu anakuwa mdogo hivi kwa kansela? Akanijibu kama mtu anayemweleza mgeni kitu ambacho hata mbuzi wanajua: "Hao walikaa menjo moja." Menjo ni ile nyumba ya msituni ambapo vijana wao wanakaa wakitahiriwa. Wale wa nyumba moja ni zaidi ya ndugu. Huwezi kumwaibisha mwenzako mbele ya watu, hata akiwa mjinga, hata akiwa mwizi. Nilisikia nikaona ni vizuri, hata sisi tuna zetu za namna hiyo. Sikujua nitakuja kulipia.

Sasa ile mashine.

Ilikuwa kalkuleta, lakini si kama hizi za dukani. Aliachiwa na mhandisi mmoja wa kiwanda aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa pana, imelala, si ya kusimama kama simu. Nyeusi, na juu ya kioo ilikuwa na utepe wa rangi ya dhahabu. Kila kitufe kilikuwa na maandishi matatu: meupe juu yake, ya dhahabu kwa juu, ya buluu mbele kwenye mteremko wake. Ilikuwa nzito kidogo mkononi, uzito wa kitu cha ukweli. Na kila ukibonyeza ilikuwa inasema *tak*, unaisikia mpaka kwenye kidole.

Kitu kimoja haikuwa nacho: kitufe cha sawasawa. Kile cha mistari miwili. Hapo ndipo walimu wenzake walipotea. Walikuwa wanaiomba, wanabonyeza mbili, wanabonyeza jumlisha, wanabonyeza tatu, halafu wanatafuta. Wanageuza nyuma. Mwalimu mkuu siku moja aliirudisha kwenye meza mbele ya watoto akasema, "Hii mashine yako ni mbovu, Mwalimu. Haina mwisho." Mwalimu wa hesabu akaifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye mfuko, akafunga kifungo. Hakumwelezea. Nafikiri alipenda ibaki hivyo.

Moraa ndiye aliijua. Alikuwa wa darasa la saba, mrefu, na meno yake ya mbele yaliyoachana. Mwalimu alimpa aje nayo nyumbani siku moja, kitu ambacho hakumfanyia hata mtoto wake wa kuzaa. Akakaa hapo karibu na jiko akaniwekea mkononi.

"Mama, hii unaipa namba kwanza. Zote. Unaiwekea. Halafu ndiyo unaiambia ifanye nini."

"Kwa nini iwe hivyo?"

"Mwalimu anasema hivi ndivyo mtu anafikiria. Wewe ukipika, unatoa unga kwanza, unatoa maji, viko mbele yako. Halafu ndiyo unapika."

Nikabonyeza vitufe kadhaa. *Tak, tak.* Ilinipa namba ndefu isiyo na maana. Moraa akacheka mpaka akalala kwenye sakafu. "Mama umegawanya ugali!" Nikamwambia aondoke hapo, atanimwagia maziwa.

Mashine ile pia ilikuwa na tabia. Ukiipa hesabu ndefu, ile ambayo Mwalimu ameipanga hatua kwa hatua, haikujibu mara moja. Kioo kilikuwa kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kama mtu anayekunja uso. Moraa alisema inafikiria. Ndiyo baadaye inatoa jibu. Kumbukeni hapo.

Daraja lilijengwa mwaka ambao kulikuwa na kampeni. Mto unapita chini ya shamba letu, na kituo cha majani kiko ng'ambo. Kabla ya daraja tulikuwa tunapita chini kabisa, mahali ng'ombe wanavuka, maji kwenye magoti na wakati wa mvua kwenye kiuno, na mfuko wa majani juu ya kichwa. Sigilai akasema atatuletea daraja la waya. Kazi akapewa Mogaka. Waya haukuwa mpya. Ulikuwa umevuta magogo ya kuni huko misituni mpaka nyuzi zake zikaanza kukatika, na Mogaka akaununua hivyo hivyo akaupaka rangi ya fedha. Ulikuwa unang'aa. Siku ya kulifungua watu walilisifu kwa kung'aa kwake. Waliimba, wakaomba, Sigilai akatembea mpaka katikati akapunga mkono. Mbao zilikuwa zinanuka vizuri.

Mwalimu alikuwa pale. Nilimwona anaupapasa waya kwa kidole gumba, halafu anaangalia kidole. Nilifikiri anaangalia rangi.

Baada ya hapo alianza vituko viwili. Cha kwanza, yeye mwenyewe hakupita darajani. Alikuwa anazunguka mpaka kule chini kwa ng'ombe, suruali ameikunja, viatu mkononi, mwalimu mzima, na mfuko wake wa ngozi ameufunga shingoni usilowe. Wanawake wa chai tulikuwa tunasimama katikati ya daraja tunamfanyia kelele.

"Mwalimu! Unaogopa waya?"

"Naogopa watu!"

"Watu gani?"

"Nyinyi! Wengi!"

Tukacheka. Tulifikiri ni maneno ya mwanaume anayeona aibu kupita katikati ya wanawake.

Cha pili, aliwawekea watoto wa shule sheria. Kila mtu avuke peke yake. Mmoja akifika ng'ambo, mwingine ndiyo anaanza. Aliyevunja alipigwa, na kumbuka nimesema huyu hakuwa mtu wa kiboko. Wazazi tuliambiwa ni nidhamu. Mimi mwenyewe nilimsikia Moraa asubuhi akimkemea mtoto wa jirani: "Ngoja! Mwalimu amesema mmoja mmoja!" Nikaona mwalimu huyu anawafunza adabu ya kungoja. Nikampenda kwa hiyo.

Hakuwaambia wanawake wa chai. Hakuwaambia wazee. Hakusimama kwenye baraza na mdomo wake ule ule uliomshinda pasta.

Siku yenyewe sitaieleza sana. Ilikuwa siku ya majani na wingu lilikuwa limeshuka. Lori lilikuwa ng'ambo, na Tirop alikuwa anapiga honi. Alikuwa anaongeza mafuta na kuachia, anaongeza na kuachia, kutuonyesha anaondoka. Majani yakilala yanaungua, yanakuwa mekundu, karani anayakataa. Kila mchuna majani anajua hiyo. Kwa hiyo watu walikimbia. Moraa alikuwa ametangulia na vitabu vyake, anavuka peke yake vile alivyofunzwa, ameshafika katikati, na sisi nyuma yake tukaingia wote pamoja na mifuko yetu. Nilikuwa nimebeba gunia langu la majani limejaa, limelowa. Niliona mgongo wa sweta yake. Aligeuka. Nafikiri alitaka kusema tungoje.

Waya ulikatika upande wa kushoto.

Mimi nilitolewa na nyonga imevunjika. Mguu huu ninaouburuta ni wa hapo. Moraa na wengine walipatikana chini kwenye mawe. Tirop alikuwa ameondoka na lori, anasema hakusikia kitu kwa sababu ya injini. Sasa ameokoka, anahubiri. Mogaka ana duka la vifaa vya ujenzi, bado anauza waya. Sigilai anakaa kiti cha mbele kanisani.

Kwenye mazishi nililazwa kwenye godoro karibu na kaburi kwa sababu sikuweza kukaa. Mwalimu alikuja na suti yake ya kahawia. Kabla sanduku halijafungwa aliomba nafasi. Akafungua kifungo cha ule mfuko, akatoa kalkuleta yake, akaiweka chini ya mikono ya Moraa, akairekebisha ilale vizuri, kioo kikiangalia juu. Watu walinong'ona. Mzee wa kanisa alisema kwa sauti ya chini, lakini nilisikia, "Tunazika mashine sasa?" Mwalimu alisimama akiangalia mbali, kama anavyoangalia dirishani darasani akingoja mtoto aone kosa. Safari hii hakuna mtu aliyesema ameona.

Mimi nililia kwa hicho kitendo kuliko kwa maneno yote ya pasta. Nilisema, huyu mtu amempa mtoto wangu kitu alichokipenda kuliko vyote duniani. Kwa miaka nimekuwa nikisema hivyo. Na ndipo akaanza kuvaa mfuko mtupu.

Aliacha kufundisha kabla ya wakati wake. Alisema macho. Lakini nilimwona akisoma gazeti bila miwani.

Alikuwa anakuja hapa kwangu. Alinitengenezea mlango wa choo usikwaruze chini, kwa sababu ya mguu. Majirani wakivuna chai yao aliwaambia wachune na yangu. Akikuta nawataja wale watatu, nikiwa na hasira, alikuwa anakaa kimya mpaka nimalize. Hakusema nisiwataje. Hakusema niwataje. Mara moja nilimwambia, "Mwalimu, hata wewe huna la kusema juu ya Sigilai?" Akasema, "Endelea, Mama Moraa. Nasikia." Nikaendelea. Lakini usiku wa siku hizo nilikuwa nakumbuka suruali iliyokunjwa na watoto wanaovuka mmoja mmoja, na swali linarudi. Labda alikuwa mwoga tu wa kawaida. Labda alihisi tu, kama mtu anavyohisi mvua. Mtu akihisi si kosa lake. Lakini akijua, hiyo ni nyingine.

Sasa, juzi juzi.

Ilikuwa saa kumi, nimekaa nje kwenye kigoda nachambua maharagwe, mguu nimeunyoosha. Akaja polepole. Amezeeka, koti limekuwa kubwa.

"Bwakire, Mama Moraa."

"Chamgei, Mwalimu. Ni saa kumi."

"Ndiyo. Bwakire."

Alipokaa nilisikia sauti. Kitu kiligonga ndani ya ule mfuko. Kitu kidogo kwenye mfuko mkubwa, kama punje moja kwenye debe. Nikaacha maharagwe.

"Chelangat ametuma," akasema. Chelangat ni binti yake, nesi huko ng'ambo. "Anasema ameona huko watu wanatengeneza. Wanaiga zile za zamani, lakini ndogo."

Akafungua kifungo, akautingisha mfuko, kile kitu kikanidondokea kwenye mkono.

Ilikuwa ni ile. Haikuwa inafanana na ile, ilikuwa ni ile, lakini imekonda mpaka ikawa kama kitambulisho. Ule utepe wa dhahabu juu. Vitufe vyote, mahali pale pale, kila kimoja na maandishi yake matatu. Lakini vidogo kama punje za mtama, na maandishi ya buluu ni kama miguu ya sisimizi. Nyuma ni chuma cheupe, baridi. Niliigeuza nikaona uso wangu ndani yake umekatika.

"Ile kubwa iko na Moraa," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ilitoka tu.

"Najua iko wapi," akasema. Halafu akasema, "Unaionaje? Wewe ulishika ile. Nani mwingine nitamwuliza?"

Nikamwambia vile niliona. Nilimwambia ni nyepesi, haina ule uzito. Nikabonyeza kitufe kimoja na ukucha, kwa sababu kidole changu kilifunika vinne. Ilisema *tik*, si *tak*. Kama mdudu. Nilimwambia dhahabu yake ni mpya mno, ile ya zamani ilikuwa imeiva kama chai. Nilimwambia ni kama wanapokuletea picha ya mtu uliyemzika: pua ni yake, macho ni yake, na si yeye.

"Nami niliona hivyo," akasema. "Lakini inahesabu sawa. Nimeipima."

"Inahesabu sawa?"

"Sawa kabisa. Tena ni ya haraka. Angalia."

Akaichukua. Akatoa kalamu kwenye koti, akaanza kubonyeza kwa ncha yake, maana vidole vyake ni vikubwa kuliko vyangu. Mwalimu tangu zamani akihesabu midomo yake inatembea, anasema kila namba anayoweka. Nilikuwa namwangalia tu, nimefurahi kidogo, Mungu anisamehe, kumwona tena akifanya hivyo. Nikasikia anasema urefu. Halafu anasema waya. *Tik tik*. Halafu anasema mtu. Halafu anasema gunia, lililolowa.

Nikahisi baridi kwenye nyonga.

Akabonyeza cha mwisho, na jibu likatoka hapo hapo. Kioo hakikuwaka na kuzima. Yeye mwenyewe alishtuka, kama ambaye hakuwa amejiandaa.

"Hii haifikirii," akasema kwa sauti ndogo. "Ile ya zamani ilikuwa inaniachia nafasi. Wakati inawaka na kuzima nilikuwa nasema, pengine leo itatoa lingine."

"Mwalimu."

"Eeh."

"Hiyo hesabu ni ya daraja."

Akafunika kioo kwa kidole gumba.

"Uliifanya kabla au baada?"

Aliangalia mbali, kwenye chai. Nikamngoja. Nilimngojea vile alivyokuwa anawangojea watoto, bila kusema neno, na maharagwe yamejaa kwenye mapaja. Kuku walipita. Gari lilipita juu barabarani.

"Kabla," akasema. "Wiki ile ile walifungua. Nilipima waya usiku—hapana, ilikuwa jioni. Nilihesabu nyuzi zilizokatika. Nikaenda kwa Sigilai. Nyumbani kwake, peke yangu. Akaniambia, 'Bakule, hesabu ni za darasani, usiniharibie kura.' Bakule ni mtu wa menjo yako. Akanishika bega. Nikarudi nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu nikawawekea watoto sheria."

"Watoto peke yao."

"Kwa watoto sikuhitaji kusema sababu." Akakunjua mikono akaikunja tena. "Kwa watu wazima ningesema sababu. Na sababu ilikuwa ni yeye."

Mimi ni mtu wa kelele. Kila mtu hapa anajua. Lakini siku hiyo sauti haikuja. Nilisema tu, "Iwekee Moraa."

"Mama Moraa, wacha."

"Iwekee Moraa peke yake, darajani. Hana gunia. Ana sweta na vitabu. Si inahesabu sawa?"

Akaweka. Kalamu iligusa kitufe cha jirani, ilimbidi aanze tena. *Tik.* Jibu likaja.

"Inasema nini?"

"Linabeba," akasema. "Lingebeba. Peke yake angevuka."

"Sasa niweke mimi nyuma yake. Na gunia langu. Weka na wenzangu."

Hakuweka. Alishika kalamu juu ya ile mashine, ncha haijagusa.

"Bonyeza, Mwalimu."

"Siwezi."

"Ulimfunza asubiri. Mimi hukunifunza. Ulimwacha mtoto anajua na mama yake hajui, ukamweka mmoja mbele ya mwingine kwenye waya mbovu. Umenifanya mimi kuwa mzigo. Bonyeza nione namba yangu."

Alikuwa analia bila sauti, wazee wanavyolia, maji tu yanashuka kwenye mikunjo. Akasema, "Wataje watu wako. Na mimi nitaje nao. Jumapili, kituoni, popote. Nimechoka kukaa hapa nikisikia unawataja wale na mimi unanikaribisha. Nitaje."

Nilimwangalia mtu huyu. Mlango wa choo alionitengenezea ulikuwa nyuma yake. Sanduku la mtoto wangu na mikono yake akirekebisha ile kalkuleta vilikuwa mbele ya macho yangu. Na nikaona ni kweli, alikuwa tayari. Alikuwa anangoja jina lake kama mgonjwa anavyongoja sindano.

"Hapana," nikasema. "Wale nawataja kwa sababu hawataki. Wewe unataka."

"Mama Moraa..."

"Chukua hiyo kitu yako. Na ukirudi hapa, urudi kwa kupita darajani."

Maana daraja lipo sasa. La zege, pana, lori linapita likiwa limejaa na halitingishiki. Limekuwepo miaka mingi. Hajawahi kulikanyaga.

Akairudisha kwenye mfuko, akafunga kifungo. Hakuaga. Nilisimama, nikashika nguzo ya nyumba kwa sababu ya mguu, nikamwangalia akishuka katikati ya chai, na kile kitu kikigonga ndani ya ngozi kila akikanyaga, mpaka sikukisikia tena. Kule chini njia ya kwenda kwake ng'ambo inagawanyika. Kulia ni daraja. Kushoto ni mahali ng'ombe wanavuka. Alisimama hapo muda mrefu. Nilikuwa na jina lake mdomoni, lote, la ubatizo na la ukoo, na ningepiga kelele angelisikia, na bonde lote lingelisikia.

Sikuliita.

Akainama, akavua viatu. Akavua mshipi, akaufunga shingoni, ule mfuko usilowe.